Kikombe cha Jioni cha Elsie

Mburu mwenye duka pale Noonkopir alianza kucheka kabla Dolphine hajasema anataka nini.

"Mama Elsie, leo umekuja kununua ama kusoma?"

"Kwanza nisome. Nipe hiyo switi ya kijani."

"Haya. Mimi nitaenda nyumbani, wewe utafunga duka uniachie ufunguo."

Dolphine aligeuza pakiti ielekee mlangoni kwenye mwanga, akafuata yale maandishi madogo kwa ukucha, akitafuta ngano. Alikuwa amejifunza inavyoandikwa kwa Kizungu.

Elsie wake alikuwa na miaka sita, tumbo limefura, miguu myembamba mpaka soksi zinashuka. Mwaka wa 2003 daktari wa Nairobi aliwaambia kwamba matumbo ya mtoto hayataki gluteni, ile inayofanya unga wa chapati ushikane. Akataja ngano, shayiri na nafaka nyingine ya Ulaya. Dolphine aliandika zote nyuma ya kadi ya kliniki, halafu njiani akaikata shayiri kwa kalamu. Shayiri ilikuwa ya bia, na mumewe Wasike alikuwa mzee wa kanisa. Bia ingeingilia wapi kwake?

Basi chapati zikaisha nyumbani, mandazi yakaisha. Aiskrimu Elsie alikula kwa kikombe, bila koni, na yule muuzaji wa baiskeli akimcheka mama: "Hata koni unaogopa, mathe?" Ili mtoto asijione ametengwa, Wasike alimletea kopo la ile poda ya kahawia ya kuchanganya na maziwa, ambayo watu husema inaongeza nguvu. Hakuna mwingine aliyeigusa. Kila jioni Dolphine alichutama mbele ya Elsie mpaka kikombe kiishe, kisha anampigia makofi.

Miaka miwili, na mtoto hakuongeza hata kilo moja. Dolphine akaanza kutafuta mwenye makosa. Siku moja alisimama kwa mlango wa jirani yake Caro na kupiga kelele ploti nzima ikisikia: "Wewe ndiye unampea mtoto wangu mandazi!" Caro aliapa hajampa. Mwisho wa mwezi akahamia Tuala bila kuaga.

Ndipo Nyaguthii, muuguzi wa lishe kule Kajiado, akamwambia alete kila kitu ambacho mtoto anatia mdomoni. Dolphine alienda na kikapu. Nyaguthii akatoa kimoja kimoja.

"Soda, sawa. Switi, sawa. Aiskrimu hii pia haina shida. Mama Elsie, umejitahidi kushinda watu wengi."

Dolphine alitabasamu. Kopo alikuwa amelifuta vumbi vizuri.

Nyaguthii alilisoma. "Hii anakunywa mara ngapi?"

"Kila jioni. Hiyo sijawahi kosa."

Muuguzi akaweka kidole kwa neno moja. "Hii malt ni shayiri, mama. Inaloweshwa mpaka imee, halafu inakaushwa."

Dolphine alizaliwa Bungoma. Akilini aliona gunia la nyanya yake limetandazwa juani, nafaka za pombe zimetoa mizizi midogo myeupe.

"Kama kimera?"

"Kama kimera."

Aliketi. Alishika kopo kwa mikono miwili na kulisoma tena, lile neno aliloliruka kila mwezi kwa sababu halikuwa ngano. Halafu machozi.

Elsie alishuka kwa benchi akamvuta leso. "Mama, usilie. Mimi nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua nini?"

"Tumbo inaumanga nikikunywa hiyo."

"Na hukuniambia?"

"Si ulikuwa unafurahi nikimaliza."

Nyaguthii aligeuka dirishani. Alisema mtoto atapona, polepole. Dolphine hakusikia vizuri.

Jioni hiyo alichemsha maziwa matupu. Elsie alikipokea kikombe, akamtazama mama yake usoni kwanza, kisha akainamisha kichwa akachungulia ndani, muda mrefu, vile Dolphine huchungulia pakiti pale kwa Mburu.

Dolphine alichutama mahali pake pa siku zote. Hakumwambia amalize. Mikono aliificha chini ya leso, isije ikapiga makofi.