Gunia Lenye Stika

Kwa miaka kumi na miwili Mbinya alizunguka vijiji vya Kanyangi akiwa mhudumu wa afya wa kujitolea, akipima watoto uzito na kuwafokea wanaume waliokataa kuchimba vyoo. Watu walimwamini kupita kiasi. Hilo ndilo lililowaponza.

Mwezi wa tatu walikuja watafiti wa sumu ya ukungu kwenye mahindi. Mkuu wao, Daktari Faki, mtu mpole wa viatu safi, alimchagua Mbinya awe mtu wao kijijini, na Mbinya akavimba kichwa. Fomu za kukubali alizipeleka siku ya mwethya, watu wakiwa wamekusanyika kuchimbiana matuta ya shamba. Kwenye mwethya, mwenyekiti akishasema ndiyo, nani atabaki nyuma aonekane mkaidi? Jua lilikuwa kali. Mbinya akasoma ukurasa wa kwanza, akauruka wa pili, akapitisha wino. Vidole gumba ishirini na saba vikagongwa kabla uji haujaiva. Huo ukurasa wa pili ndio uliosema majibu ya vipimo yatatolewa utafiti ukiisha, baada ya miaka miwili.

Kila gunia lililochotwa mahindi ya kupimwa lilibandikwa stika ya buluu yenye namba. Namba tu. Lakini watu wa Kanyangi wamezoea mhuri wa buluu kwenye nyama ya buchani, na nyama yenye mhuri ni nyama iliyopita ukaguzi. Wakaanza kula gunia lenye stika, mengine wakawaachia kuku.

"Mwaitu, hii yetu ilipita vizuri," alisema Nzisa, jirani yake, ambaye alimwita hivyo kwa heshima ya mama. "Kathini napikia muthokoi ya hii pekee yake." Kathini alikuwa bintiye wa miaka sita, aliyependa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa.

Mwezi wa sita majibu yaliingia kwenye simu ya kazi ambayo watafiti walimpa Mbinya. Sumu ya gunia la Nzisa ilikuwa imezidi kiwango kinachoruhusiwa mara kumi. Mbinya alimwendea daktari mbio.

"Daktari, watu wanafikiria stika ni ya kupitisha mahindi. Na ya Nzisa iko na sumu mbaya. Si nimwambie tu?"

"Mama, ukimwambia atabadilisha chakula, na sisi tunataka kujua watu wanakula nini bila kuambiwa. Utaharibu data. Halafu uliweka sahihi ya kutunza siri ya utafiti, ama umesahau?" Akatabasamu. "Na ile kazi niliyokuahidi, ya kusimamia utafiti kule Kathonzweni, bado ni yako."

Utamu wa kuitwa msimamizi ulikuwa umeshamwingia. Akanyamaza. Gunia lake mwenyewe, ambalo vipimo vilionyesha lina sumu vilevile, alilimwaga shimoni siku hiyohiyo, akawaambia watoto wake limeingia wadudu. Mtu anaweza kuwa na roho mbaya namna hiyo na bado Jumapili akaongoza maombi kanisani.

Mwezi wa tisa macho ya Kathini yaligeuka manjano, tumbo likavimba. Nzisa akamwongezea muthokoi apate nguvu. Watafiti walipokuja kuwatoa watu damu ya vipimo kama kawaida yao, Mbinya ndiye aliyemshika mtoto mkono. Wiki mbili baadaye Kathini alifia hospitalini.

Siku ya maziko Mbinya aliwakuta wanawake jikoni wakimimina mahindi ya lile gunia kwenye sufuria kubwa. Nzisa alikuwa ameagiza wageni wapikiwe yaliyo mazuri. Mbinya aliwaona watoto wa watu wamekaa na sahani tupu wakingoja, na hapo woga wake ukashindwa.

"Musipike hiyo!" alipiga kelele. "Iko na sumu!"

Wanawake wakaacha kumimina. Nzisa alitoka ndani ya nyumba polepole, leso begani.

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa sita."

"Na ndiyo imeua Kathini?"

Mbinya alitaka kusema habari za sahihi, za daktari, za data. Badala yake akaitikia kwa kichwa. Nzisa hakulia wala hakumrukia. Alimtazama tu, kama anayejaribu kukumbuka jambo.

"Ulikuwa unakuja hapa kila Ijumaa, mwaitu. Kila Ijumaa nakupakulia muthokoi, na kila Ijumaa unasema umeshiba."