Mpishi wa Riamosota Aingia Uwanjani

Nyamoita alipokwenda kuomba kazi ya kupika katika Shule ya Msingi ya Riamosota, juu kidogo ya Nyacheki, hakuna aliyemuuliza kama anajua mchezo wowote. Walimuuliza kama anaweza kusongeza sufuria ya watoto mia mbili. Akaisongeza, kwanza ikiwa tupu, kisha ikiwa na maji, wakamwambia aanze Jumatatu.

Kazi yenyewe ililetwa na mradi. Shirika moja lilikuwa limekubali kufadhili shule chache za milimani kwa masharti mawili: kila mtoto apate uji asubuhi na chakula cha mchana chenye mboga, na kila mtoto acheze nusu saa kila siku. Magunia ya maharagwe yakaja, unga wa wimbi ukaja, mipira ikaja, na nguzo mbili za netiboli zikasimikwa uwanjani. Mboga hazikuhitaji gari. Wazazi walileta chinsaga na managu mbichi kutoka mashambani, umande bado haujakauka.

Upande wa chakula, mambo yalinyooka tangu siku ya kwanza. Lavender, msichana mrefu wa gredi ya sita ambaye zamani alilalia dawati kila ifikapo saa nane, sasa alikuwa macho hadi kengele ya kwenda nyumbani. Kilichokwenda upogo ni michezo. Mwalimu Abner, kijana mpole aliyetoka chuoni juzi, ndiye aliyepewa michezo, na alichokijua ni kandanda, tena kwa kuitazama zaidi ya kuicheza. Wavulana wakanyakua mipira yote. Wasichana wakaketi nyasini kusubiri nusu saa iishe, na nguzo za netiboli zikawa za kuanikia sweta.

Nyamoita aliyaona hayo yote kupitia dirisha la jikoni, na yalimkera kuliko moshi. Miaka thelathini na mitano iliyopita alikuwa mfungaji wa timu ya shule yake, akafika hadi mashindano ya mkoa. Kisha akaolewa na Ogari, majani ya chai yakachumwa, watoto wanne, Ochoki akiwa wa kwanza, wakalelewa, na habari za netiboli zikaisha zenyewe bila mtu kuzikatiza.

Jumanne moja akamwona Lavender akikunja sweta kama mpira na kulirusha kuelekea kwenye pete. Likakosa. Akarusha tena, likakosa. Mara ya tatu Nyamoita akaweka mwiko chini, akatoka na aproni yake hadi katikati ya uwanja.

"Wewe Duke, lete huo mpira."

"Lakini mama, tunacheza."

"Mmecheza tangu muhula uanze. Lete."

Duke akautoa shingo upande. Nyamoita akamgeukia Lavender. "Usirushe kama unafukuza kuku. Kunja magoti kidogo. Macho kwenye pete." Akarusha yeye mwenyewe. Mpira ukapanda, ukashuka katikati ya pete bila hata kuigusa.

Wasichana wakapiga kelele hadi Madam Nyanchoka, mwalimu mkuu, akatoka ofisini akidhani kuna nyoka.

"Mama Ochoki! Na maharagwe je?"

"Yanachemka, Madam. Yanataka tu mtu wa kuyakoroga."

"Nani sasa?"

Nyamoita akamtazama yeye. Madam Nyanchoka akatazama wasichana waliokuwa tayari wamepanga foleni chini ya pete, akapumua, akakunja mikono ya blauzi, akaelekea jikoni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku kabla ya kengele ya chakula: mpishi uwanjani, mwalimu mkuu jikoni, na Abner akipuliza filimbi huku akijifunza sheria za netiboli. Watu wakazoea.

Mradi ndio uliokuwa haujazoea. Alhamisi moja afisa wake alifika bila taarifa. Aliitwa Trisha, binti wa Lalit, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Keroka. Akachungulia jikoni.

"Samahani, mama. Namtafuta mwalimu mkuu."

"Umempata," akasema Madam Nyanchoka, machozi ya moshi yakimtiririka.

"Na mpishi yuko wapi?"

"Anafunga magoli."

Trisha akaandika kitu kwenye daftari lake. Moyo wa Madam ukadunda. Ukadunda zaidi afisa alipoonja chakula na kuomba maji, kisha maji mengine. Kumbe Nyamoita alikuwa ametia chumvi kabla ya kutoka, naye Madam akatia tena.

Nyamoita akaitwa, jasho likimtoka. Njiani alishamwona Ogari akilini mwake akimuuliza kazi imekwendaje.

"Ni kweli uliacha jikoni?" Trisha akauliza.

"Ni kweli," akasema Nyamoita. "Chakula mlileta ili watoto wapate nguvu. Wamepata. Sasa hawa wasichana wangezipeleka wapi?"

Trisha akafunga daftari. Kwa Ekegusii, lugha ya wenyeji, kama inavyosemwa sokoni Keroka, bila kukwama, akasema kwamba chumvi ile ingetosha ng'ombe wawili na ndama wao. Madam Nyanchoka ndiye aliyeanza kucheka. Kisha afisa akaomba aonyeshwe uwanja, na hakuondoka mpaka naye alipofunga goli, baada ya kukosa mara saba.

Baada ya wiki mbili barua ikaja. Mpishi wa pili angeajiriwa, na Nyamoita angehudhuria mafunzo ya makocha kule Nyamache, siku tatu. Alirudi na cheti, akampa Ogari akitie fremu. Ogari akakitundika juu ya kalenda ya kiwanda cha chai.

Mashindano ya kanda yalipofika, Riamosota ilifika nusu fainali, ikafungwa kwa tofauti ya magoli mawili. Lavender alilia. Nyamoita akamkalisha kando, akamenya ndizi mbivu, akampa.

"Lia tu, mwanangu. Lakini kula kwanza."

Lavender akala, akaomba nyingine.

Sabato iliyofuata Nyamoita alisimama na kwaya kanisani, akafungua kinywa, na sauti haikutoka hata kidogo. Yote ilikuwa imebaki uwanjani. Akaimba kwa midomo tu mpaka wimbo ukaisha, akitabasamu, na jirani yake wa sauti ya pili akamkanyaga mguu ili aache kucheka.