Mimi, Wakio na Daftari la Nchi Mbili

Agosti ya milima yetu ilinukia moshi wa kuni za miti ya miwati mibichi. Mwezi huo kuni hazikukauka. Ukungu ulipanda kutoka bondeni alfajiri, ukaingia mpaka jikoni, ukachanganyika na moshi, na sisi watoto tukaenda shule tukinuka kama samaki wa kukaushwa. Kijiji chetu kilikuwa mbele ya Mlola, karibu na ukingo wa milima ya Usambara, pale ardhi inapokatika ghafla. Siku chache za mwaka, ukungu ulipofunguka, tulisimama nyuma ya shule tukaiona nyika chini, nyekundu na tambarare, na mbali kabisa vilima vya rangi ya samawati. Wakubwa walisema kule ni Kenya. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko darasa la sita, na niliamini kwamba nchi ile naijua yote kwa kuitazama tu kutoka juu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji, mtu mrefu, mpole wa sauti, mgumu wa neno. Akisema leo ni zamu ya shamba la kijiji, hata mwenye homa alitafuta jembe. Nyumbani tulikuwa na redio moja, na kwa redio hiyo na kwa vinywa vya watu tulijua kwamba Wakenya ni manyang'au: mwenye nguvu anamla asiye nayo. Tulipocheza, aliyeshindwa ndiye aliyefanywa nyang'au. Hatukujiuliza kama nyang'au naye ana shangazi.

Mimi nilikuwa na shangazi kule kwao. Raheli, dada mdogo wa baba, aliondoka kijijini kabla sijazaliwa, akaolewa na Mtaita mmoja mfanyakazi wa reli huko Voi. Nyumbani jina lake lilitajwa kwa sauti ya chini. Baba alisema dada yake aliwaacha, na tangu aende hakuleta hata barua. Hilo lilimtosha kumhesabu miongoni mwa waliopotea.

Juma la kwanza la Agosti, Mwalimu Hoza, aliyetufundisha jiografia na siasa, aliingia darasani akaandika ubaoni: Nchi yetu na jirani yetu Kenya, zinafanana wapi, zinatofautiana wapi? Akatuambia tugawane vikundi, tufanye utafiti, na kikundi bora kitasoma kazi yake siku ya wazazi, mbele ya mkaguzi wa elimu kutoka Lushoto. Neno utafiti lilikuwa geni kwetu. Alieleza kwamba utafiti si kuandika unachokitaka, ni kuandika ulichokiona na ulichoambiwa, pamoja na jina la aliyekuambia. Mimi, binti wa mwenyekiti, nilijaza ukurasa mzima jioni ile ile bila kumuuliza mtu. Mwalimu aliusoma, akanirudishia, akaniuliza ni nani aliyeniambia hayo yote. Sikuwa na jina la kuandika.

Siku tatu baadaye jina lilikuja lenyewe. Bibi, mama yake baba, alikuwa mgonjwa wa miguu, na habari zilikuwa zimemfikia shangazi kupitia wachuuzi wa viazi. Akapanda treni mpaka Mombo, basi mpaka Lushoto, lori la mboga mpaka Mlola, na kilichobaki akakitembea, amebeba mzigo kichwani na amemshika mkono binti yake. Shule za Kenya zilikuwa zimefungwa Agosti, zetu ziko wazi. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza niliyoiandika. Shangazi alipiga goti mlangoni akamwamkia baba shikamoo. Baba akaitika marahaba, akauliza habari za safari, kisha akachukua kofia yake akaenda mkutanoni. Hapakuwa na mkutano siku ile. Mama alimtazama akienda, akatikisa kichwa, akamwaga maji ya moto kwenye beseni ili wageni waoshe miguu.

Binamu yangu aliitwa Wakio. Tulilingana umri na urefu, ila yeye alivaa viatu vya ngozi na soksi nyeupe, na mguu wangu ulijua udongo tu. Usiku wa kwanza tulilala kitanda kimoja bila kusemezana. Asubuhi nilipomwona anahangaika na soksi zake kwenye matope, nilicheka mpaka nikakaa chini. Alinitazama kwa hasira, kisha akavua viatu, akakanyaga tope, akapiga kelele ya baridi, naye akacheka. Kuanzia hapo hatukuachana.

Mwalimu Hoza alimruhusu kukaa darasani kama mgeni, na mgeni njoo mwenyeji apone, kwani kikundi chetu kilipata chanzo cha habari chenye miguu miwili. Tulichukua daftari, tukapiga mstari katikati ya kila ukurasa, upande mmoja Tanzania, upande mwingine Kenya. Sisi tulisema ada, wao karo. Sisi khanga, wao leso. Sisi dagaa, wao omena. Wakio alihesabu na kukariri kwa Kiingereza bila kusita, lakini insha ya Kiswahili ilimtoa jasho. Mimi niliandika insha kama naimba, ila Kiingereza changu kilikwisha nilipomaliza kumwamkia mwalimu. Alishangaa kwamba watoto themanini tunasoma kwa vitabu kumi. Nilishangaa kwamba shuleni kwao hakuna shamba. Tulipokwenda kulima bustani ya kabichi ya shule, alishika jembe kwa pupa akatoka malengelenge viganja vyote, akayaonyesha kwa watu kana kwamba ni bangili.

Tuliuliza kila mtu aliyekuwa na pumzi. Tulimuuliza fundi cherehani aliyewahi kukaa Mombasa, na mzee aliyechunga mbuzi hadi bonde la Umba. Tulimuuliza Bibi, naye kutoka kitandani akatuambia kwa Kishambaa kwamba alipokuwa msichana, mwaka wa njaa, watu wa milima ile ya samawati walikuja kununua mahindi wakalala katika nyumba hii hii, na wengine wakaoa. Wakio hakujua Kishambaa, lakini aliyashika maneno kadhaa kabla sijamtafsiria, kwa sababu yalikuwa ndugu wa maneno ya Kitaita. Bibi akafurahi, akaanza kumtupia maneno mengine kumjaribu, wakacheka wote wawili mpaka akasahau miguu yake.

Shida ilianza na sabuni. Shangazi alikuwa ameleta miche miwili ya sabuni na kopo la mafuta ya kupikia, vimefungwa ndani ya leso. Wakati huo duka la kijiji lilikuwa na chumvi, viberiti na picha ukutani. Mama aliipokea ile sabuni kwa mikono miwili, akainusa, akaifungia sandukuni. Upande wa Kenya wa daftari letu ukaandikwa: sabuni ipo, sukari ipo, viatu vipo. Niliutazama ukurasa ule nikamkumbuka mkaguzi, nikamkumbuka baba amekaa mstari wa mbele, na mchana mmoja, Wakio akiwa mtoni, niliuchana nikauficha.

Aligundua siku ile ile. Hakupiga kelele. Alikaa kando yangu ngazini, akafungua ukurasa uliofuata, pale tulipokuwa tumeandika kuhusu elimu ya watu wazima. Upande wa Tanzania ulisema kwamba mama yangu, ambaye hakuwahi kusoma utotoni, sasa anaenda darasani mara tatu kwa wiki na anasoma Biblia mwenyewe. Upande wa Kenya ulisema: Mama yake Wakio hajui kusoma.

"Wewe umefuta sabuni msiyokuwa nayo," akasema. "Basi na mimi nimfute mama yangu?"

Nilimwambia si sawa kumfuta, maana hiyo ni kweli.

"Na sabuni je?"

Nyumba usiyolala ndani yake huijui ila yake, na yeye alikuwa amenionyesha ya kwao bila kuifunika. Tulikwenda jikoni tukakoroga uji mzito wa muhogo, tukaubandika ule ukurasa mahali pake. Ulikauka ukawa mgumu kama kigae, na daftari halikufungika tena vizuri.

Maswali ya mwisho yalikuwa kuhusu watu wanaohama. Tulimwendea shangazi akichambua maharage. Wakati huo mama alikuwa amekwisha kumvuta kwenye darasa la watu wazima, na vidole vyake vilikuwa na vumbi la chaki. Wakio akamuuliza, kwa sauti ya kitafiti, kwa nini alihamia Kenya. Shangazi alicheka kwanza. Kisha akasema hakufuata viatu wala sukari. Alimpenda mtu, mtu huyo akatuma wazee, na kaka yake akawarudisha kabla hawajakalia viti. Akasema pia kwamba kule Voi, kila akienda sokoni, hununua maharage kwa kuyanusa, akitafuta yaliyotoka huku. Niliandika yote, na mwishoni nikaweka jina lake, kama tulivyofundishwa.

Jumapili, baada ya ibada, nilimkuta baba ameketi uani na daftari letu mapajani. Alikuwa anasoma polepole. Nilibaki nyuma ya mlango na Wakio, tumeshikana mikono, tukisubiri daftari liruke motoni. Baba akamwita dada yake. Shangazi akatoka jikoni, akasimama.

"Kweli ulisema maneno haya?"

"Watoto waliniuliza, kaka. Wewe hukuwahi kuniuliza."

Baba aliliweka daftari kando. Halafu akauliza kwa nini hakuandika barua miaka yote ile. Shangazi akamjibu kwamba hajui kuandika, na kama angemwambia mumewe aandike, angewezaje, mtu ambaye wazee wake walifukuzwa uani hapa? Niliona mabega ya baba yakishuka. Alisogea kwenye benchi akampisha dada yake nafasi, akaanza kuuliza: mume yukoje, nyumba ikoje, watoto wangapi, yupi aliyekufa, alizikwa wapi. Waliongea kwa Kishambaa mpaka maziwa yakafurika jikoni yakazima moto, na mama, ambaye hakuwahi kuachia tone la maziwa lipotee, hakuinuka kuyaepua.

Jioni baba alinirudishia daftari. Nilimuuliza kama nitoe ukurasa wa sabuni.

"Soma yote," akasema. "Ila ukifika kwenye sabuni usisome haraka. Nitahitaji muda wa kutazama chini."

Alisema hivyo bila kutabasamu, lakini mama aligeuka ukutani, mgongo wake ukitikisika kwa kicheko.

Siku ya wazazi jua lilitoka, jambo adimu. Tuliwekewa meza chini ya ukuta wa shule, na Wakio na mimi tukasoma kwa zamu: mimi nikisoma upande wa Kenya, yeye akisoma wa Tanzania, kwani tuliona hivyo ni haki zaidi. Tulipofika kwenye sabuni, baba akainama kutazama miguu yake kama alivyoahidi. Kisha mama mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba hata mtafiti akija kumnusa yeye atapata jibu lile lile, na uwanja mzima ukaangua kicheko, mkaguzi naye akacheka, akafuta miwani. Tulipomaliza alituuliza tumehitimisha nini. Nilimtazama Wakio. Tulikuwa tumegombana juu ya hitimisho asubuhi nzima, na hatukuwa tumeliandika.

"Tumehitimisha kwamba hatujamaliza," Wakio akasema.

Mkaguzi akasema hilo ni hitimisho zuri kuliko mengi aliyowahi kusomewa. Akamgeukia mwenyekiti, akamuuliza kama ana la kuongeza. Baba akasimama, akavua kofia. Alisema kwamba ana shemeji huko Voi ambaye hajawahi kukanyaga kijiji hiki, na kosa la jambo hilo ni lake yeye, si la shemeji. Amekwisha kumtumia salamu aje na wazee wake, na safari hii viti vitakuwepo. Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilisikika hadi nyikani. Shangazi alijifunika uso kwa leso yake, na Bibi, aliyebebwa kwa kiti mpaka pale, alipiga makofi peke yake muda mrefu baada ya wengine kunyamaza.

Wazee wa Kitaita walikuja Desemba na mbuzi wanne na redio kubwa kuliko yetu. Walikalishwa, wakalishwa, wakaimbiwa. Shemeji alikuwa mtu mfupi, mcheshi, na kabla ya siku kwisha yeye na baba walikuwa wakibishana juu ya Ujamaa kwa furaha kubwa, kila mmoja akiwa na hakika kwamba amemshinda mwenzake. Mwaka uliofuata ilikuja barua yenye herufi kubwa zilizopinda, ikianza kwa Kaka shikamoo, na baba aliisoma barua hiyo kwa kila mtu aliyepita njiani, hata aliyekwisha kuisikia.

Haukupita muda mrefu, mpaka wa nchi zetu ukafungwa. Treni ile ikaacha kupita, na miaka kadhaa barua zilizunguka kwa mikono ya wachuuzi kama zamani. Lakini ndani ya nyumba yetu hakuna aliyeitwa nyang'au tena, maana ilikuwa ni kumtukana shangazi.

Sasa nina wajukuu. Njia ya Mlola inapitwa na magari kila saa, madukani kuna sabuni za harufu zote, na simu inamleta Wakio sebuleni kwangu kutoka Wundanyi, huko Kenya, kwa kubonyeza mara mbili. Siwezi kudanganya kwamba zamani ilikuwa bora; nilikwenda peku, na nilijua njaa. Ila nawasikia wajukuu wangu wakibishana na Wakenya kwenye simu zao, nani ana Kiswahili, nani ana pesa, nani mwoga, na kila mmoja ana majibu tele kama niliyokuwa nayo mimi jioni ile ya kwanza. Kuuliza si ujinga, nawaambia. Wananiambia, Bibi, kila kitu kipo humu. Kwa hiyo mwezi ujao nampandisha mkubwa wao basi, aende Wundanyi akakae kwa Wakio wiki tatu. Amekwisha kuniuliza kama kule kuna mtandao. Nimemwambia sijui, aende akaone.