Mishale Myembamba katika Podo la Zamani

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye depo ya maharagwe ya Nyabiondo, nilifika na viatu vya kuazima na upinde wa marehemu baba yangu. Mkuu wa walinzi, tuliyemwita Shefu, aliuzunguka upinde ule kama mtu anayetaka kununua ng'ombe.

"Upinde iko muzuri," alisema. "Lakini mishale unabebea ku mugongo? Siku utainama kufunga kiatu, yote itakumwangikia ku kichwa."

Akanipa podo la depo. Vijana wa leo hamlijui, basi nieleze. Podo ni chombo cha kuwekea mishale. La kwetu halikuvaliwa. Lilifungwa kwenye upinde wenyewe, ili mkono mmoja ubebe silaha yote na wa pili ubaki wa kufungua geti. Juu lilikuwa na kofia ya ngozi ya kuficha vichwa vya mishale. Chini kulikuwa na kipande cha tairi chenye matundu, na kila tundu lilibana mti wa mshale mmoja. Matundu yalikuwa yametobolewa kwa kipimo cha mishale ya matete manene, maana enzi hizo matete yalikuwa matete.

Nilihamishiwa Kashuga na podo langu. Huko mishale yangu ilizeeka, na nilipokwenda bondeni kukata mingine nikakuta matete yote yameshakuwa mapaa ya watu waliokimbia vita. Sasa mimi ni nani nimwezulie mtu paa kwa ajili ya mshale? Nikarudi mikono mitupu.

Kituo cha mwisho kilikuwa Pinga, kwenye duka kubwa la Patroni, mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki wa kweli. Yeye hakukaa pale. Msimamizi alikuwa Jeran, kijana wa suruali iliyopigwa pasi hadi inakata, ambaye moyo wake wote ulikuwa kwa mbwa. Alitaka mbwa mkubwa, na mimi niende zangu nyumbani. Aliponunua mishale mipya sokoni ilikuwa myembamba kama vijiti vya kuchomea brosheti za nyama. Sijui kama alifanya makusudi.

Asubuhi iliyofuata nikampa heshima ya walinzi: unakanyaga kwa kishindo, unagonga ncha ya upinde chini. Mishale yote ikachuruzika kwenye matundu na kulala miguuni pake.

"Papa, unaniachia kazi?" aliuliza, tena kwa matumaini. "Patroni anakuya siku ya posho. Akiona hivi, miye njo nitamwambia tununue umbwa."

Niliogopa, sitaficha. Nilikuwa na watoto shuleni, na umri wangu haukuwa tena wa kutafuta kazi. Nikajaza matundu ugali. Kuku wa jirani wakaligundua podo kabla ya saa sita, nikashinda nikipigana nao mbele ya wateja. Basi nikachana mpira wa ndani wa pikipiki, nikauzungushia kila mshale hadi ukanenepa, nikaisukumiza kwenye matundu kwa mate na hasira.

Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, ikafika. Patroni akashuka kwenye pikipiki, matope hadi masikioni. Nikakanyaga, nikagonga. Hakuna kilichodondoka. Nilijisikia waziri.

"Patroni," Jeran akasema, "umwambie apige ule mugomba."

Nikavuta mshale. Haukuja. Nikabana upinde kwa magoti, nikavuta kwa mikono miwili. Wateja wakaacha kununua chumvi. Mama muuza maandazi akanishauri nipake mafuta. Mwishowe Patroni mwenyewe akashika upinde, mimi nikashika mshale, tukavutana kama watu wanaogombania mbuzi, hadi podo zima likang'oka na mishale yake yote, nami nikakaa kwenye tope.

Jeran alikuwa ameshatoa simu kumpigia mwenye mbwa.

"Weka telefone," Patroni akasema. "Umbwa iko na meno siku yote, haichaguake muntu. Huyu papa, kabla mushale yake itoke apige mwizi, tutakuwa tumeshaitana, tumeshaongea, na mwenye kukosa ameshaomba musamaha. Miye sitaki damu ya muntu ku mulango yangu. Njo mulinzi nilikuwa natafuta. Abakie."

Nilibaki, lakini nilitahayari. Siku ileile nikaivua mishale yale mavazi yake na kuubandika mpira ndani ya matundu. Hilo ndilo ninalotaka mlishike: mshale usiunenepeshe, maana utaruka vibaya, punguza tundu. Tangu hapo mishale ilikaa vizuri, na ilitoka kwa vidole viwili.

Miaka ikapita, na wezi walikuja, maana Pinga ni Pinga.

Nilipostaafu nilikabidhi silaha mbele ya Patroni, naye mvi zimemjaa. Akataka kucheka kidogo. Akashika upinde, akakaza miguu, akavuta mshale kwa nguvu zote. Ukatoka mara moja, akayumba hadi kwenye magunia.

Akautazama, kisha akanitazama mimi.

"Papa, inatokaka hivi tangu wakati gani?"

"Tangu ile siku, Patroni."

"Na bale wezi bote walikuyaka?"

"Niliongeaka nabo."

Akakaa juu ya gunia. Hakucheka tena. Akaurudisha mshale mahali pake taratibu, akitafuta tundu kwa kidole, halafu akasimama na kunivulia kofia.