Somo Lililonikuta Sakafuni

Wakubwa wangu shikamooni, na nyie wenzangu, asanteni kwa kukaa. Mimi ni Mwanasha, mtoto wa Bi Amina mshona nguo, hapahapa Mocímboa. Mmetaka niwaeleze nilivyoumwa. Nitaeleza, hata yale ya aibu.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa kelele. Madrasa nilisoma kwa sauti mpaka majirani wakajua nimefika sura ipi. Shuleni mwalimu wetu, profesora, akiuliza, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza swali. Kisha vita vikafika, tukakimbilia porini, tukaishi kwa watu, tukarudi. Nyumba tuliikuta haina bati. Mama akasema, "Alhamdulillahi, tu wazima." Nami niliamini tu wazima.

Yalianza darasani. Upepo ulibamiza mlango wa chuma. Kifua kikanibana, pumzi ikakata, vidole vikafa ganzi, jasho la baridi likanitoka. Nikajikojolea palepale kwenye benchi. Baadhi ya wenzangu walicheka. Wengine waliinamisha macho, na hao ndio walioniumiza zaidi.

Sikurudi shule. Kikidondoka kitu, hata mfuniko wa sufuria, hali ile inanijia. Chakula kikawa kama mchanga mdomoni. Nikakonda, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, hedhi ikakata. Mchana kutwa nililala sakafuni nyuma ya cherehani ya mama. Pale chini niliona siwezi kuanguka tena.

Baba anafanya biashara ya vitenge na Mtwara, ng'ambo ya mpaka. Aliniletea dawa za nguvu, kisha akaniletea maalimu. Maalimu alinisomea vizuri, nikalia, nikalala. Kesho yake mambo ni yaleyale. Sipitali daktari alinipima moyo, akanipima mapafu, akamwambia mama, "Mtoto huyu haumwi kitu."

Njiani mama alinishika mkono. "Sasa mwanangu, kama huumwi, mimi nikufanyeje?"

Nilitamani wangenikuta hata na malaria. Nikaanza kuwaza kwamba nisipokuwepo, mama atapumzika. Wazo lile sikumwambia mtu.

Binamu yangu Anshia ndiye aliyeninyanyua. "Kuna dada kaja mtaani na tableti. Anafundisha vijana mambo ya akili."

"Mimi si mwendawazimu."

"Nani kasema? Twende, kuna karanga."

Dada yule aliitwa Filomena, Mmakonde wa kule juu bara. Alikaa uani, vijana wamemzunguka, na spika ndogo mbele yake. Masomo yote yalikuwa yamehifadhiwa ndani ya tableti, kwa Kiswahili na kwa Kimwani, maana rede, mtandao wa simu, kwetu si ya kutegemea. Akawasha. Msichana wa kuchorwa yuko sokoni, pipa linaanguka, anashika kifua. Sauti yake ikasema, "Vidole vinakufa ganzi. Najiona nakufa. Mimi nimesharudi nyumbani, lakini mwili wangu bado unakimbia."

Nilitoka mpaka barabarani, nikatapika. Filomena akanifuata, akasimama kando bila kunigusa.

"Unamjua yule?"

"Ni mimi," nikasema. Halafu nikamwambia na lile wazo.

Hakushtuka. Alikwenda nami nyumbani, tukamwambia mama pamoja. Filomena akanipeleka kwa enfermeira, muuguzi anayetibu maradhi ya mawazo. Muuguzi huyo akanifundisha kutoa pumzi polepole, kukanyaga chini, kutaja ninachokiona. Filomena akaniwekea masomo kwenye simu ya mama. Kisha akahamishwa kikazi. Haikupita muda, enfermeira naye akaondoka, na rede ikakatika kabisa. Nikabaki na simu. Siku nyingine nilisikiliza somo zima huku natetemeka, na lisinisaidie lolote.

Alasiri moja mama alisimamisha cherehani. "Rudisha hapo anaposema vidole."

Nikarudisha. Akasikiliza, akataka tena. Kisha akaninyooshea mikono yake. Ilikuwa inatetemeka.

"Mwanasha, mimi niko hivi tangu tuko porini. Nilidhani ni uzee."

Sikujua nimfanyie nini mama yangu. Nikamshusha chini, tukakaa ukutani, tukatoa pumzi pamoja na ile sauti mpaka simu ikazima.

Baada ya hapo nilianza kula kidogo. Hedhi ikarudi. Nilirudi shule, nikaomba nikae mbali na mlango. Sijapona kabisa, msidanganyike. Lakini hali ikinijia sasa najua ni mwili ambao bado unakimbia, na najua itapita.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Filomena popote alipo, na Anshia na karanga zake. Wazazi, mtoto akinyamaza, msimtafutie kosa, kaeni naye. Wenzangu, wazo la kutokuwepo likikujia, usilale nalo peke yako. Mwambie mtu leo.

Wenzake Filomena walirudisha tableti mtaani, na siku hizi naibeba mimi. Juzi alikuja msichana wa kutoka kisiwa cha Rongui, akainuka kabla somo halijaisha. Nilimkuta njiani ameshika kifua. Nikamwambia nitamwekea masomo kwenye simu ya nyumbani.

"Simu hatuna," akasema. "Na mama hayupo."

Nikakaa naye kando ya njia mpaka pumzi yake ikatulia, kisha akaenda zake. Jina hakuniambia. Kama anaishi karibu na nyie, msimwulize mengi. Mwambieni tu kwamba Mwanasha yupo uani kwa Bi Amina mshona nguo, na aje hata bila somo.