Gadenia ya Bwana Shamba

Nilipokuwa bwana shamba huko Nyeri, miaka michache baada ya uhuru, niliogopwa kuliko chifu. Nikisimama mbele ya mti wa kahawa na kugeuza jani moja, mwenye shamba aliacha kupumua. Siwezi kusema sikupenda. Nilipenda sana.

Jirani yetu alikuwa mama mjane mwenye kahawa yake nyuma ya ua wetu. Aliipanda kwa mikono yake mwenyewe baada ya miaka mingi ya kukatazwa na wakoloni kupanda hata mche mmoja, na kila jioni aliipitia mti kwa mti. Msimu huo majani yakaanza kuwa meusi mithili ya sufuria ya jikoni. Akaniita. Sikukaa kwake hata dakika kumi. Nikamwambia huo ni ukungu, ameacha matawi yasongamane, na safu mbili zilizo karibu na ua azikate mpaka magotini zichipue upya.

"Zote, bwana shamba?"

"Zote, mama. Ukichelewa, shamba lote litaisha."

Mti ukikatwa hivyo hukaa karibu miaka miwili bila kuzaa. Hilo alilijua kuliko mimi. Asubuhi yake nikasikia msumeno.

Siku hiyo hiyo mke wangu alilalamika kwamba majani ya gadenia yake, kile kichaka cha maua meupe, yananata. Kichaka hicho alikitoa Murang'a, kwenye bustani ya mzungu aliyekuwa akifunga virago, akakipanda kando ya ua. Nikageuza jani. Chini yake, kando ya mshipa, vidudu vya kijani vilikuwa vimejipanga, bapa, havisogei, ungedhani ni sehemu ya jani. Juu yake, weusi ule ule wa kahawa ya mama, kama masizi. Na sisimizi! Walipanda na kushuka wakilamba utamu unaotoka kwa vidudu hivyo, kisha wakafuata tawi lililovuka ua hadi kwenye kahawa ya mama, vidudu vile vile vikiwa vimeshaenea huko.

Masizi yale huota juu ya ule utamu, basi. Hapakuwa na haja ya kukata mti hata mmoja. Dawa ni kuosha majani kwa maji ya sabuni, kutenganisha matawi yanayogusana, na kupaka shina grisi ili sisimizi wasipande kuvilinda vidudu. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimesimama Kerugoya nikiwafundisha wakulima jambo hilo hilo, kwa sauti kubwa. Nyani haoni kundule.

Ningeruka ua saa ile ile. Sikuruka. Niliogopa mdomo wa majirani, nikamwogopa mkubwa wangu wa kazi, nikajidanganya kwamba labda mama atachoka na kuacha. Nikaosha gadenia jani kwa jani, nikakata lile tawi, nikapaka shina grisi. Ng'ambo ya ua msumeno uliendelea. Uliponyamaza nilijua mti mmoja zaidi umelala, na ulipoanza tena nilitamani kuziba masikio. Siku ya pili niliacha chai ikapoa mezani.

"Kwani wewe unangoja mama amalize kukata?" mke wangu akaniuliza siku ya tatu, akaondoa kikombe mbele yangu.

Nikaenda. Safu ya kwanza yote ilikuwa visiki, na ya pili ilibakiza miti mitano. Nikashika msumeno mkononi mwa mama kabla haujagusa mti mwingine, nikamweleza yote, kuanzia gadenia hadi siku zile tatu za kunyamaza kwangu. Niliona aibu hata kumtazama usoni.

Akaketi juu ya kisiki, akajifuta jasho kwa kitambaa cha kichwani. Hakunifokea. Heri angenifokea.

"Hizo sisimizi niliziona zikitoka kwako kitambo," akasema. "Lakini nani ataambia bwana shamba? Nikafikiri za serikali ziko na ruhusa."