Miche Iliyokulia Uani

Mwanaheri wa Mnyambe alikuwa mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Mumewe Shamte alipofariki aliingia eda, na muda wote huo shambani hakukanyaga. Nako hakukuwa na cha kufurahisha, moto wa kichaa ulikuwa umepita ukala mikorosho yote. Huku kwetu mti ndio hati. Majaliwa, kaka wa marehemu, alishasema mbele ya ukoo kwamba mvua zikifika katikati bila mkorosho mpya kusimama pale, shamba linarudi kwao. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Mwanaheri.

Basi akaotesha miche humo humo uani, kwenye viriba, chini ya upenu wa jiko penye kivuli kutwa nzima. Maji ya Newala unayajua wewe, ndoo moja inagombewa na watu na kuku, lakini miche ilikunywa kwanza. Ikanawiri, majani mapana, laini, kijani cha kung'aa. Kila aliyekuja kumpa pole aliisifia, naye, masikini, akavimba kichwa kidogo.

Eda ikaisha, mvua zikaanza. Akabeba nusu ya miche akaipanda siku hiyo hiyo. Mvua ikapumzika, likatoka lile jua la baada ya mvua, lisilo na huruma. Hazikupita siku nyingi majani yakapauka, yakaingia mabaka meupe kama nguo iliyomwagikiwa jiki. Majaliwa alipita, akatazama, akasema shamba limekataa, akaenda zake. Mwanaheri alikaa chini kwenye udongo akalia, na alililia shamba kuliko alivyomlilia mume. Mungu amsamehe, ndivyo ilivyokuwa.

Aliyemkuta pale ni jirani yake Mwalimu Priska, mstaafu aliyefundisha sayansi shule ya Chidya. Mwanaheri akamwambia miche ina kiu, anakwenda kuchota maji zaidi. Priska akasema si kiu. Akamwonyesha mbaazi za mpakani, jinsi zilivyosimamisha majani yake saa sita ile ili jua lisiyapige usoni. Jani linakula mwanga, akaeleza, lakini likilishwa kupita kiasi linaungua kwa ndani. Lililokulia juani hujikinga: ngozi yake inakuwa nene, chembe zake za kijani zinajibanza pembeni, na mwanga wa ziada linautoa kama joto. Hata ule wekundu wa majani machanga ya mkorosho, ambao Mwanaheri aliuona tangu utotoni bila kuuliza, ni kinga ya jani mpaka likomae.

"Hii yako haikuwahi kuhitaji kinga, Mwanaheri," akasema. "Umeitoa ndani ukaiweka juani siku moja."

Hapo Mwanaheri akacheka na machozi hayajakauka, maana yeye mwenyewe, tangu atoke eda, alikuwa bado anafumba macho kila akitoka mlangoni.

Nusu iliyobaki hakuiharakisha. Aliitoa upenuni asubuhi, akairudisha jua likipanda, na kila baada ya siku kadhaa akaiongezea muda. Ile ya shambani aliifunika kwa nyasi, akawa anazipunguza kidogo kidogo. Majirani wakamtania kwamba siku hizi analea watoto wasiolia. Majani yaliyoungua yakadondoka, vikabaki vijiti vitupu, naye akakonda kwa wasiwasi. Halafu ncha zikaanza kuchipua, moja hapa, moja pale, majani ya rangi ya damu ya mzee. Akaipanda na ile nusu nyingine.

Mvua zilipofika katikati, Majaliwa akaja na wazee wawili wa ukoo. Mkulima wa korosho haelezwi maana ya jani jekundu. Wakapita mstari kwa mstari, wakainama, wakashika ncha, na mkubwa wao akasema shamba lina mwenyewe. Wakatangulia njiani. Majaliwa akabaki nyuma, akakohoa, akauliza kama uani kumebaki miche, maana moto ule haukumwacha yeye pia.

"Ipo, shemeji, nimeotesha mingine," Mwanaheri akasema. "Lakini leo usiichukue. Bado haijazoea jua."

Majaliwa akauliza, kwa adabu, arudi lini.